UZI: Changamano la viungo vinne ndani ya Sf9 (seli za wadudu), kiungo kimoja hakionekani kabisa. Kosa liko wapi?

Kaole_Bio (mwanzisha uzi)

Wakuu, shikamooni. Tatizo ni hili, nimeliweka na namba zake ili tusizunguke.

Changamano lina viungo vinne. Nikisema kiungo nina maana ya protini moja kati ya zile zinazoshikana. A ni kilodaltoni 120, B 60, C 40, D 25. Uwiano unaotarajiwa ni moja kwa moja kwa vyote, jumla 245. Vyote vinakaa ndani ya seli, hakuna kinachotolewa nje. Kila jeni ina bakulovairasi yake. Virusi vinne vinamiminwa pamoja kwenye Sf9, MOI 1 (wastani wa kirusi kimoja kwa kila seli) kwa kila kimoja, na seli zinavunwa baada ya saa 72. Mkia wa histidini sita uko kwenye B.

Baada ya rezini ya nikeli (inayokamata mkia wa histidini), jeli inajaa B, A ni hafifu, C kidogo, D hakuna. Kwenye Superose 6 (kolamu inayochuja protini kwa ukubwa) vinatoka vilele viwili: kimoja mililita 8, kingine karibu mililita 17. Katikati ni tambarare. Lengo ni gridi za krayo, yaani sampuli iliyogandishwa ya kupigwa picha kwa hadubini ya elektroni. Maabara iko Bagamoyo, kwa hiyo mkitoa ushauri kumbukeni joto letu na umeme wetu.

---

MzeeWaSentrifuji

Marahaba. Hapo kuna makosa mawili makubwa, na yote yalifanyika kabla seli hazijavunwa.

La kwanza ni hesabu ya virusi. MOI 1 haimaanishi kila seli imepata kirusi kimoja. Virusi vinaangukia seli kwa bahati, kwa hiyo kwa MOI 1 seli zilizopata angalau kirusi kimoja cha aina fulani ni asilimia 63 tu. Ukitaka seli iwe na aina zote nne, zidisha 0.63 kwa yenyewe mara nne: unapata asilimia 16. Seli 84 kati ya 100 kwenye chupa yako zinakosa kiungo kimoja au zaidi. Ukipandisha MOI hadi 2 kwa kila kirusi unafika asilimia 56, na hata humo uwiano unatofautiana seli kwa seli. Hapo bado sijagusa makosa ya kupima nguvu ya kirusi, ambayo mara nyingi ni ya mara mbili hadi mara tatu.

La pili ni mkia. Umeufunga kwenye B, na B ndiyo inayozalishwa kwa wingi. Nikeli inakamata B yoyote inayopita, yenye wenzake na isiyo nao. Kile kilele cha mililita 17 ni B iliyo peke yake, hakuna siri. Changamano la 245 lingetoka mahali fulani kwenye mililita 15 na nusu, kama umbo lake si refu sana. Mkia hufungwa kwenye kiungo adimu. Ukimkamata adimu, walioshikana naye wanakuja, na ziada ya B inaondoka na maji ya kuoshea.

Kilele cha mililita 8 ni mahali ambapo kolamu haichuji tena. Aidha ni protini zilizogandamana, aidha ni asidi nukleiki. Soma uwiano wa mwanga unaofyonzwa, nanomita 260 kwa 280. Protini safi huwa karibu 0.6. Ukiona 1 na kuendelea, hapo kuna DNA au RNA.

---

Dunda_2

Nakazia alichosema mzee. Virusi vinne tofauti ni kwa majaribio ya kujua nani anashikana na nani. Kwa uzalishaji, jeni zote ziwe kwenye kirusi kimoja.

Njia mbili ndizo zinazotumika zaidi. MultiBac ya kundi la Imre Berger, iliyotoka 2004, na biGBac iliyotoka Vienna 2016. Kwa viungo vinne biGBac ni nyepesi. Kila jeni inaingia kwanza kwenye pLIB (plazimidi, yaani DNA ya duara), ikiwa na promota yake ya polihedrini (swichi ya kuiwasha) na kituo chake; hiyo ndiyo kaseti. Unazalisha kila kaseti kwa PCR, ukitumia vianzishi (vipande vifupi vya DNA) vyenye ncha zinazofuatana, halafu unaziunga zote kwa mmenyuko wa Gibson, nyuzi 50, saa 1, ndani ya pBIG1 iliyokatwa kwa kimeng'enya cha SwaI. Hadi kaseti tano zinaingia kwa mpigo. Ukihitaji zaidi, pBIG1 tano zinaingia pBIG2 kupitia PmeI, jumla jeni 25. Ukaguzi ni rahisi: kata bidhaa kwa SwaI, kila kaseti inaanguka peke yake kwenye jeli kwa ukubwa wake. Usiiamini koloni ambayo hujaikata. Promota ileile inajirudia mara nne, na bakteria wanapenda kuruka kipande katikati.

Kisha ingiza kwenye DH10EMBacY, bakteria wanaobeba jenomu ya kirusi (bakmidi). Sahani ziwe na kanamaisini mikrogramu 50 kwa mililita, jentamaisini 7, tetrasaiklini 10, IPTG 40 na X-gal 100. Zikae nyuzi 37 kwa saa 48 kamili, si 24. Koloni za samawati hafifu kwa saa 24 zinafanana na nyeupe, na hapo ndipo watu wengi wanachukua koloni isiyo na kitu. Chukua nyeupe, zichore upya kwenye sahani nyingine.

Kukagua bakmidi kwa vianzishi viwili vya M13, vinavyokaa pande mbili za kipande, hakutasaidia, kwa sababu kipande chenye jeni nne ni kirefu mno kwa PCR ya kawaida. Tumia M13 kimoja na kianzishi cha ndani ya jeni ya pembeni. Na bakmidi isigandishwe: ni DNA ya zaidi ya jozi 130,000, ikigandishwa na kuyeyushwa inakatikakatika. Nyuzi 4, wiki moja au mbili, basi.

EMBacY ina protini ya kung'aa njano, kwa hiyo unaona maambukizi kwa macho. Pia imeondolewa jeni mbili, ya protisi na ya kitinasi, ambazo huharibu protini zako mwishoni mwa maambukizi.

---

Magomeni_Pwani

Samahani wakuu, kwa nini msimshauri aanze na E. coli? Ni rahisi, haraka, na media yake ni dagaa ukilinganisha na ya seli za wadudu.

---

Dunda_2

Swali zuri. Kama viungo havihitaji madaraja ya salfa wala marekebisho ya yukarioti, E. coli ajaribiwe kwanza, wiki mbili tu unajua. Plazimidi za Duet zina nafasi mbili mbili, kila nafasi na promota ya T7: pETDuet kwa ampisilini, pCDFDuet kwa spektinomaisini, pRSFDuet kwa kanamaisini, pACYCDuet kwa kloramfenikoli. Asili za kujinakili zinavumiliana, kwa hiyo viungo vinne vinahitaji plazimidi mbili tu. Plazimidi zikiwa mbili, punguza kila kiuavijasumu hadi nusu ya kipimo cha kawaida, la sivyo bakteria wanakua kwa kujikokota.

Mtego mmoja: Rosetta 2 (aina ya E. coli) tayari ana plazimidi yake ya kloramfenikoli yenye asili ya p15A. Ukimwekea pACYCDuet, zinagombana. Chagua moja.

Washa kwa IPTG milimola 0.2 OD (kipimo cha wingi wa bakteria) ikifika 0.6 hadi 0.8, ukiwa umeshusha joto hadi nyuzi 18 kabla ya kuwasha, usiku kucha. Lakini kilodaltoni 120 ya yukarioti mara nyingi inaishia kwenye masimbi, yaani mabonge ya protini yasiyoyeyuka. A hapo juu ningeiwekea dau kwamba haitayeyuka.

---

Shamba_la_Chumvi

Nafuatilia. Mwekeni sawa kwenye joto maana ndipo tunapofia.

---

MzeeWaSentrifuji

Joto sasa. Sf9 wanataka nyuzi 27. Inkyubeta ya kutikisa isiyo na kompresa haiwezi kushuka chini ya joto la chumba. Nyingi zinahitaji chumba kiwe chini kwa nyuzi 5 ndipo zishike kiwango. Kwa hiyo kiyoyozi kiwe 22. Chumba kikiwa 31 saa nane mchana, kioo cha mashine kitaandika 27 ulichokipanga huku seli ziko 33. Weka kipimajoto ndani ya chupa yenye maji, usisome kioo. Kwa nyuzi 18 za E. coli, lazima mashine yenye kompresa, hakuna njia ya mkato.

Heri yetu ni kwamba seli za wadudu hazitaki kabonidayoksaidi. Mitungi ya gesi kutoka Dar si tatizo lao. HEK293 (seli za binadamu) wanataka nyuzi 37 na CO2 ya asilimia 5 hadi 8 muda wote, kwa hiyo umeme ukikatika usiku unakuta pH imepanda na seli zimenuna.

Umeme ukikatika kwa Sf9: kitikisio kikisimama, seli zinatulia chini na kukosa hewa. Seli ambazo hazijaambukizwa, milioni 1 hadi 2 kwa mililita, zinavumilia saa moja hivi. Zilizoambukizwa zinapumua zaidi, hazivumilii hivyo. Jaza chupa robo ya ujazo wake, usizidishe. Kifuniko kiwe cha kupitisha hewa. Ukiwa karibu, zungusha chupa kwa mkono kila dakika chache. Inachosha lakini inaokoa lita.

Kirusi chenyewe kitunze mara mbili. Nusu ya P1 (zao la kwanza la kirusi) nyuzi 4, gizani, na seramu asilimia 2 au zaidi. Nusu nyingine itunze kama seli zilizoambukizwa: ambukiza milioni 1 kwa mililita, subiri kipenyo cha seli kipande kutoka mikroni 14 hivi hadi 18, zikusanye kabla hazijapasuka, zirudishe kwenye media yenye DMSO asilimia 10 na albumini gramu 10 kwa lita, zifikie milioni 10 kwa mililita, gandisha polepole hadi nyuzi 80 chini ya sifuri kisha naitrojeni. Friji ikifa, una akiba.

Usivuke P3. Ukiendelea kukuza kirusi kwa kirusi, vinazaliana vile vyenye jenomu pungufu, na jeni zako ndizo za kwanza kudondoka kwa sababu kirusi hakizihitaji.

---

Kaole_Bio

Asante sana wazee wangu. Kwa hiyo kirusi kimoja, mkia kwenye D. Ila D haionekani hata kwenye mchuzi mzima wa seli. Mkia kwenye kitu kisichokuwepo utasaidia nini?

---

Dunda_2

Kwanza hakikisha haipo kweli. Jeli ya asilimia 8 au 10 inaachia vitu vidogo vikimbie na rangi ya mbele. Tumia ya ngazi, 4 hadi 20. Pili, rangi ya Coomassie inashika kwa uzito wa protini, si kwa idadi ya molekuli. Kwa uwiano wa moja kwa moja, D ya 25 lazima iwe hafifu karibu mara tano kuliko A ya 120. Wengi wanalia kiungo kimepungua kumbe kipo sawasawa. Gawa ukali wa bendi kwa uzito ndipo ulinganishe.

Kama bado haipo, basi inazalishwa na kuliwa. Protini ndogo bila mwenzake mara nyingi haikunji vizuri, na seli inaifagia. Kirusi kimoja peke yake huenda kikaponya hilo, kwa sababu D itazaliwa penye C. Kama haitoshi:

Iwekee D kaseti mbili kwenye pBIG1. Nafasi ya tano iko wazi, itumie.

Au iunge D na C ziwe mnyororo mmoja. Angalia kwanza utabiri wa AlphaFold (programu ya kutabiri umbo la protini) wa C na D pamoja, upime umbali kati ya mwisho wa C na mwanzo wa D. Kila asidi amino iliyonyooka ni angstromu 3.5 hivi, kwa hiyo kiunganishi cha 15 za glisini na serini kinafika 50 kikivutwa hadi mwisho. Umbali wako usizidi 30, kiunganishi kipate kulegea. Utabiri huohuo utakuonyesha mikia isiyo na umbo kwenye A. Ikate. Ndiyo inayokaribisha protisi.

---

Binti_Nianjema

Kaka zangu, niingilie kwa zile protini za kimelea cha malaria. RH5, CyRPA na RIPR ni changamano la viungo vitatu, moja kwa moja. RH5.1 chanjo yake imejaribiwa hapahapa Bagamoyo, na protini ile inatengenezwa kwenye seli za nzi, S2 za Drosophila. Je, mtu akitaka changamano zima la kusoma umbo, atumie njia hii ya Kaole?

---

MzeeWaSentrifuji

Hapana dada, njia ni nyingine. Hizo ni protini za kutolewa nje. RIPR ina sisteini 87. Madaraja ya salfa ya namna hiyo hayafungiki kwenye saitoplazimu, si ya E. coli wala ya Sf9. Lazima zipite njia ya kutolea nje, kila kiungo na ishara yake ya kutoka mwanzoni mwa mnyororo, na unavuna maji badala ya seli. Hi5 (seli za mdudu mwingine) wanatoa zaidi kuliko Sf9 kwa kazi hiyo.

Mambo matatu ya kuangalia. Jenomu ya P. falciparum ni A na T kwa asilimia 80 hivi, kwa hiyo jeni iandikwe upya kwa kodoni za mdudu, usichukue ya kimelea. Pili, kimelea hakibandiki sukari kwenye asparajini kama wadudu wanavyofanya. Pale penye N, kisha chochote isipokuwa prolini, kisha S au T, seli ya mdudu itabandika sukari isiyo ya asili, nayo inaweza kufunika mahali pa kushikana. Badilisha ile S au T iwe alanini. Tatu, media ya wadudu ina pH ya 6.2 na vitu vinavyong'oa nikeli kwenye rezini. Ukimwaga moja kwa moja utaona rezini inageuka nyeupe. Badilisha bufa kwanza kwa uchujaji wa mkondo, au tumia rezini iliyoshika nikeli kwa nguvu.

---

Magomeni_Pwani

Au mkia wa Strep, si ndiyo?

---

MzeeWaSentrifuji

Strep ni nzuri, lakini media ina bayotini, inaziba rezini yote. Ongeza avidini kwanza, subiri dakika 15 hadi 30, zungusha uondoe mashapo, ndipo upitishe.

---

Pwani_Kemia

Bufa ninayopendekeza kwa wote: HEPES milimola 20 pH 7.5, chumvi milimola 150, TCEP milimola 1. Inafaa kwa kila kitu.

---

Binti_Nianjema

Kaka, hapo kwenye "kila kitu" siafiki. TCEP kwa Kaole sawa, zake ni za ndani ya seli. Kwa RIPR ukiweka TCEP unafungua madaraja uliyohangaika kuyapata. Protini za nje, hakuna TCEP wala DTT.

---

Pwani_Kemia

Kweli dada, narekebisha kauli. TCEP kwa za ndani tu.

---

Dunda_2

Kaole, usafishaji wako ninavyouona mimi. Twin-Strep kwenye D, histidini ihamie kwenye A, na B na C zisiwe na kitu. Vunja seli kwenye HEPES milimola 50 pH 7.5, chumvi milimola 300, gliseroli asilimia 5, magnesi milimola 2 na nukliasi ya kula DNA. PMSF (ya kuzuia protisi) iongezwe dakika ileile ya kuvunja. Kwenye pH 7.5 na nyuzi 25 nusu yake inaharibika ndani ya dakika 55, na kwenye meza yenye joto letu haraka zaidi. Ukiiweka kwenye bufa asubuhi ukavunja seli mchana, hujaweka kitu. Seli za wadudu ni laini, usizipige sauti kama unapasua nazi.

Zungusha, pitisha Strep, osha, toa kwa desthiobayotini milimola 5, kisha nikeli, kisha kolamu. Kinachopita milango yote miwili lazima kina A na D pamoja. B na C wakiwemo kwa uwiano, umemaliza.

Anza na mililita 50 za seli na mikrolita 20 za rezini. Vuna saa 48, 60 na 72, linganisha. Lita nne baadaye.

---

Binti_Nianjema

Kuna jambo linasahaulika: kuyeyusha, yaani kupunguza ukolezi. Kaole, changamano lako la 245 kwenye miligramu 1 kwa mililita ni mikromola 4 hivi. Kwa rangi ya urani (picha ya majaribio ya hadubini ya elektroni) unalishusha hadi miligramu 0.01, yaani nanomola 40. RH5 na baisijini (kipokezi chake kwenye seli nyekundu za damu) hushikana kwa nguvu ya karibu mikromola 1. Chukua jozi ya nguvu hiyo: kwa mikromola 4 ya kila mmoja, asilimia 61 wameshikana. Kwa nanomola 40 hawafiki asilimia 4. Yaani gridi ya urani itakuonyesha vipande na utadhani usafishaji ulifeli. Kolamu nayo inayeyusha: unaingiza mililita 0.5, kilele kinatoka kimetapakaa kwenye ujazo wa mililita 2.

---

MzeeWaSentrifuji

Umenena. Dawa yake ni kufunga kwa glutaraldehaidi kwenye mteremko wa gliseroli, asilimia 10 juu hadi 30 chini, na glutaraldehaidi ikiongezeka kutoka sifuri hadi asilimia 0.15. Mirija ya mililita 4, saa 16, nyuzi 4. Jenereta iwe tayari, maana sentrifuji ikisimama katikati mteremko unavurugika. Mrija mwingine ufanye bila glutaraldehaidi, kwa ajili ya jeli. Zima kwa glisini milimola 80 baada ya kukusanya sehemu. Na Tris isiwepo popote, ina amini, italiwa na glutaraldehaidi kabla ya protini. Ondoa gliseroli kabla ya krayo, inaua utofauti wa picha.

---

Kaole_Bio

Nimeelewa. Gridi zenyewe zitapigwa picha nje ya nchi. Nigandishe hapa au nitume sampuli?

---

Dunda_2

Kama hakuna mashine ya kugandishia yenye kudhibiti unyevu, tuma sampuli. Mikrolita 20 hadi 50, miligramu 2 kwa mililita au zaidi, kwenye mirija myembamba, iliyogandishwa ghafla ndani ya naitrojeni, kwenye mtungi mkavu wa kusafirishia. Kabla ya hapo gandisha mrija mmoja, yeyusha, pitisha kwenye kolamu tena. Kilele cha mililita 15 na nusu kikibaki kilivyokuwa, tuma. Kikihamia 8, ongeza gliseroli asilimia 5 ujaribu tena, na waambie wapokeaji waiondoe.

Tuma na bufa yako mililita 50, ileile ya chupa moja na sampuli. Waambie pia wajaribu CHAPSO (aina ya sabuni) milimola 8. Kuna machangamano yanayopasuka yakigusa mpaka wa maji na hewa kwenye gridi hata kama kolamu iliyasifia.

---

Kaole_Bio

Sawa mkuu. Naagiza vianzishi vya pBIG1 leo, kaseti tano, D mbili. Picha ya jeli ya SwaI nitaiweka humuhumu.

---

MzeeWaSentrifuji

Weka na alama ya ukubwa pembeni. Jeli isiyo na alama ya ukubwa sitaitazama.